Zamu ya Mpiga Tarumbeta

Besi langu la kusimama lilinizidi kimo, na katika miaka ile ya utawala wa wanajeshi lilinipa taabu kuliko karatasi zangu za ukimbizi. Kwenye kila kizuizi cha barabarani askari walitaka kujua kuna nini ndani ya mfuko mkubwa namna ile. Siku hizo nilikuwa na ulimi mrefu. Nilijibu kwamba ni mama mkwe, amelala, na wakimwamsha watamlisha wenyewe. Wengi walicheka. Mmoja alinipiga begani kwa kitako cha bunduki, na kesho yake nikampa askari mwingine jibu lile lile kwa sababu sikuwa na jingine.

Nilikuwa mpiga jazi. Nasema jazi, si kama zile bendi zote za Kampala zilizojiita jazi huku zikipiga rumba tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Rumba tulipiga pia, maana mimi na mpiga ngoma wetu tulitoka Kongo ya mashariki, na watu walituangalia kana kwamba sisi wawili ndio tulioivumbua. Lakini kazi yetu hasa ilikuwa jazi. Wimbo unaanza pamoja, kisha kila mmoja anapewa zamu ya kusema anachotaka kwa chombo chake, kisha wimbo unafungwa pamoja. Tulikuwa watano. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Kiganda, mpiga piano, aliyekuwa amepiga kinanda cha kanisani nusu ya maisha yake. Mpiga saksafoni alikuwa mtu mwoga mwenye pumzi ndefu ajabu. Halafu mpiga ngoma, mimi, na mpiga tarumbeta.

Huyu mpiga tarumbeta alikuwa mtoto wa askari polisi kutoka kaskazini. Alijifunzia chombo chake kwenye bendi ya polisi, akaichoka ile mizinga na magwaride, akaja kwetu. Alikuwa rafiki yangu. Miezi minne kabla ya Jumamosi ninayoisimulia, watu waliovaa miwani myeusi walimsimamisha njiani mchana kweupe, mkononi ana mkate, wakamtia kwenye buti la gari na kwenda naye. Hakuna aliyetuambia kosa lake. Wakati ule kuwa mtu wa kaskazini peke yake kulitosha.

Sasa, bendi yetu ilikuwa na sheria moja ambayo sijaikuta kwingine. Zamu ya mtu asiyekuwepo haichukuliwi na mwenziwe, wala hairukwi. Kila zamu ilikuwa na nne kumi na sita, yaani unahesabu moja mpaka nne mara kumi na sita. Kama mwenye zamu hayupo, besi na ngoma wanaendelea wenyewe kwa nne zote hizo, na wengine wanasimama mikono chini. Mzee aliianzisha kuwaaibisha walevi na wachelewaji. Katika miaka ya raha, watu wa Wandegeya, mtaa wa wanafunzi wa chuo, walipoona pengo walipiga kelele, "Yuko wapi?" na mzee aliwajibu hapo hapo kwenye kiti chake, "Ana malaria!" au "Ameoa!" Ukumbi mzima ulicheka, na aliyechelewa aliingia kwa mlango wa nyuma ameinamisha kichwa.

Tangu mwenzetu achukuliwe, hakuna aliyeuliza tena. Pengo likifika, watu walicheza huku wakitazama viatu vyao mpaka lipite. Nami nililishikilia, mimi na mpiga ngoma, kila Jumamosi, mara kadhaa kwa siku. Ilinikasirisha kuona mji mzima ukijifanya hausikii.

Mkewe alikuwa na kibanda cha chakula Wandegeya, nyuma ya mabweni ya wanafunzi. Hakuwa amekaa matanga wala kulia, maana hakuonyeshwa maiti wala hakuambiwa neno. Alizunguka ofisi hii na ile mpaka akatishwa kwamba watoto wake watabaki bila mama. Akaacha kuzunguka. Jambo moja tu alituomba, na aliniomba mimi, ameshika mwiko wa kusongea posho, ugali wa kule.

"Musiweke mtu pale," aliniambia. "Siku mutaweka mtu, mimi nitajua nyinyi mumeshamuzika. Na mimi sijazika."

Nilimwahidi, na mimi si mtu wa kuahidi ovyo.

Jumamosi hiyo tulikuwa na kazi tatu. Watu walikuwa wameacha kufanya sherehe usiku, kwa hofu ya njia za kurudi nyumbani, kwa hiyo arusi zilifanyika asubuhi na dansi mchana. Mwanamuziki alikula kabla jua halijatua au hakula kabisa. Kazi ya kwanza ilikuwa arusi Old Kampala, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa shule. Nilikuwa naishi mtaa huo huo, chumba cha nyuma cha duka lililokuwa la nguo kabla Wahindi hawajafukuzwa. Duka la vyombo vya muziki la mjini lilifungwa siku zile zile, na kwa hiyo waya nene ya besi langu ilikuwa waya ya breki ya baiskeli. Sauti yake ilikuwa nzuri, nakwambia, nzito na yenye hasira, ila ilinikata vidole. Nilivifunga plasta kila asubuhi kabla ya chai.

Arusi ilikwenda kama arusi zinavyokwenda. Chai haikuwa na sukari, na kila mtu alijifanya ndivyo anavyoipenda. Walitaka rumba, tukawapa rumba, kisha tukajipa wenyewe wimbo mmoja wa jazi wakati wa kukata keki. Pengo lilipofika, nililivuta pole pole mpaka mwisho, nne zote kumi na sita. Bwana arusi aliangalia jukwaani, akaona kiti kitupu, akamgeukia mkewe haraka kama aliyeitwa.

Tulipokuwa tukipakia vyombo kwenye kombi, mzee alinivuta pembeni. Alikuwa anachanganya ra na la kama Waganda wengi wanavyofanya wakisema Kiswahili, na alipoogopa alizichanganya zaidi.

"Jioni tuko Bugolobi," aliniambia. "Kwa mkubwa moja wa jeshi. Amepanda cheo. Ssebo, bwana wangu, nakuomba, pale kwake tutaluka zamu ya lafiki yetu. Leo tu."

"Mzee, sheria ni yako."

"Sheria ni yangu, na shingo ni yangu pia. Na yako. Na ya hawa."

Nilimwambia siruki. Nilimwambia kwa sauti kubwa mpaka mpiga saksafoni akaangalia huku na huku kama kuna mtu anayesikiliza. Mzee hakubishana. Alipanda gari, akaketi, akaanza kupiga vidole kwenye magoti yake kama ilivyokuwa desturi yake akiwa na mawazo.

Saa nane mchana tulikuwa Wandegeya, kwenye dansi ya wanafunzi. Hao walikuwa watu wangu. Walikuwa na njaa, walivaa suruali pana zilizofagia sakafu, na walisikiliza kwa masikio mawili. Mke wa mpiga tarumbeta alikuja kama kawaida, akasimama mlangoni na sinia la sambusa ili asiulizwe amefuata nini. Tulipiga wimbo wa tatu. Piano ikamaliza zamu yake, saksafoni ikamaliza, likaja pengo. Nikaingia nne ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Hapo msichana mmoja, katikati ya ukumbi, akapaza sauti.

"Yuko wapi?"

Sikumwona uso. Nilichoona ni watu wakiacha kucheza, nafasi ikifunguka kidogo kumzunguka. Mzee, badala ya kujibu malaria au ndoa, aliinamia piano yake. Basi msichana akauliza tena, na safari hii wengine wakauliza naye, kumi, ishirini, kisha ukumbi mzima ukiuliza kwa mpigo wa besi langu, "Yuko wapi? Yuko wapi?" Nilipiga kwa nguvu mpaka plasta ikatoka kidoleni. Nilifurahi, sitaficha. Kwa miezi minne nilikuwa nimebeba swali lile peke yangu.

Nilipotazama mlangoni, mkewe alikuwa ameweka sinia chini na kufunika mdomo kwa mikono miwili. Na nyuma yake, nje, nilimwona mtu wa miwani myeusi akiondoka bila haraka.

Kwa hiyo tulipofika Bugolobi saa kumi na moja, habari zilikuwa zimetutangulia. Nyumba ya yule ofisa ilikuwa karibu na maghorofa, nyumba kubwa iliyokuwa ya mfanyabiashara wa Kihindi, na piano ya mwenye nyumba wa zamani ilikuwa imetolewa hadi barazani. Wageni walikuwa askari na familia zao, Waislamu upande wa pilau na soda, Wakristo upande wa bia, watoto wakikimbia katikati. Ilikuwa sherehe nzuri. Watu walikuwa wakarimu kwetu, mwanamke mmoja alituletea maji ya kunawa kabla hatujaomba. Hilo nalo nalikumbuka.

Ofisa alituita kabla hatujafungua vyombo. Alikuwa ameketi na watu watano au sita, sahani ya nyama pajani.

"Nyinyi ndio bendi ile," alisema. "Mimi nasikia muziki yenu iko na shimo. Watoto ya Wandegeya naanza kuuliza maswali. Kwa nini iko na shimo?"

Mzee alivua kofia. "Afande, mwenzetu alikwenda kwao kuzika mjomba. Ataludi, tunamungojea."

Ofisa alitoa kipande cha nyama kwenye meno, akakiangalia.

"Huyo hapana rudi," alisema. "Tafuta mwingine."

Alisema hivyo kama mwenye duka anayekwambia sukari imekwisha. Hata hakuinua macho. Kisha akaongeza, "Hapa kwangu hapana shimo," akarudia sahani yake, na wenzake wakaendelea na mazungumzo yao.

Hatukuwa tumemwambia ni nani, wala anapiga chombo gani, wala kwamba kuna watu waliomchukua. Mkewe alikuwa amebisha hodi kila mlango wa mji ule kutafuta maneno matatu, na mtu huyu alikuwa nayo pale pale, pamoja na nyama. Nilijua rafiki yangu amekufa. Nilijua hivyo nikiwa nimesimama kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, watoto wananipita, na nilichotaka kufanya ni kuliinua besi langu na kumpasulia kichwani. Mpiga ngoma alinishika kiwiko. Yeye alikuwa mdogo wangu kwa miaka miwili na siku zote aliniita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu kule kwetu.

"Yaya, tufungue vyombo," alisema taratibu. "Weye utaamua. Mi niko nyuma yako."

Mzee alipita karibu nami akielekea kwenye piano. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Tunaluka," alisema. "Saksafoni ikimaliza, tunafunga. Nakupigia magoti, ssebo."

Lazima nieleze jambo moja kuhusu besi, kwa sababu watu hulidharau. Hakuna anayelitazama. Wanawake huwatazama wapiga saksafoni, na watoto huitazama ngoma. Lakini bendi nzima inajua iko wapi ndani ya wimbo kwa kusikiliza besi. Besi likifunga, wimbo umefunga. Besi likikataa kufunga, wenzangu, mtafungaje?

Tulianza. Watu walisimama kucheza mara moja. Piano ile ilikuwa mbovu, funguo tatu hazikutoa sauti, na mzee alizizunguka kwa ustadi hata usingejua. Saksafoni ikachukua zamu yake, ikaimaliza mapema kwa woga. Mzee akainua mikono kufunga, akapiga sauti mbili za mwisho.

Mimi nikaingia nne ya kwanza ya zamu ya rafiki yangu.

Mpiga ngoma alikuwa nami kabla sijafika nne ya pili. Mzee alinisikia, mikono yake ikabaki hewani juu ya piano. Nilimtazama, naye akanitazama, na nilidhani atanifunika kwa kelele ili kuokoa shingo zetu. Mzee yule akashusha mikono yake, akaiweka mapajani. Mpiga saksafoni alimwona, akashusha saksafoni yake pia. Usinione shujaa, shati langu lilikuwa limeganda mgongoni kwa jasho. Lakini hatukuwa tunamngojea mtu tena. Tulikuwa tunamwambia mwenye nyumba kwamba tumemsikia.

Ofisa alielewa kwenye nne ya tatu. Aliweka sahani chini. Alianza kuja kwangu akipita katikati ya wanaocheza, na mimi nilihesabu hatua zake pamoja na nne zangu, kwa kuwa sikuweza kuacha kuhesabu. Kwenye nne ya saba alifika. Aliweka kiganja chake kwenye shingo ya besi, akazibana waya zote, na sauti ikafa.

Ngoma iliendelea. Nami nikaanza kupiga ubao wa besi kwa kiganja, tumboni mwake, nne ya nane, nne ya tisa, mbao tupu. Tulitazamana, uso kwa uso, yeye ameshika shingo, mimi nagonga tumbo. Harufu ya bia ilinijia usoni. Nilifika nne ya kumi na moja nikijua nitauawa baada ya kumi na sita, na nilitaka nizimalize.

"Wacha yeye!"

Aliyepiga kelele alikuwa mgeni wa heshima, mkubwa kuliko mwenyeji, mtu mwenye tumbo la watu wawili, anayecheza na mke wa mwenyeji kwa furaha ya kweli. Hakuwa ameelewa chochote. "Wacha yeye apige! Hii tamu sana! Ngoma na mbao, hii tamu! Piga tena!"

Ofisa akatabasamu, maana alilazimika. Aliondoa mkono. Nikamaliza nne zilizobaki kwa waya ya breki, tukafunga wimbo, na yule mgeni akataka urudiwe wote tangu mwanzo. Tukarudia, kwa amri ya jeshi. Mara ya pili pengo lilipita zima, nne kumi na sita, askari na wake zao wakicheza juu yake, na mwenyeji akiwa amesimama pembeni akilazimika kupiga makofi.

Tulipokuwa tunaondoka, jua bado liko juu ya maghorofa, alinikaribia.

"Wewe," alisema. "Mimi nimekuona."

"Ndiyo, afande," nilisema. "Na mimi nimekuona."

Mzee alinisukuma ndani ya kombi kwa mikono yote miwili. Hakunigombeza njia nzima. Tulipofika Old Kampala alishuka kunisaidia kubeba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniambia ataieleza bendi kwamba Jumamosi ijayo hakuna atakayeruka zamu, popote.

Asubuhi ya Jumapili nilikwenda Wandegeya kwa miguu. Sikulala usiku ule kutafuta maneno ya kulainisha, na nilipofika sikuwa na hata moja. Mke wa rafiki yangu alikuwa kibandani anamenya matoke. Nilimwambia kila kitu, kama kilivyotokea. Aliacha kumenya.

"Alisema je? Alisema hapana rudi, ao hapana rudi bado?"

"Alisema hapana rudi. Basi."

"Sema vile yeye alisema."

Nikasema, kwa sauti ya yule mtu, na niliuchukia mdomo wangu. Akanitaka nirudie. Nikarudia.

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu sita."

"Basi," alisema. "Wamesema wenyewe."

Alinawa mikono, akaikausha vizuri. Alifungua kitambaa cha kichwa, akakiweka juu ya meza ya sahani, akanipita. Nilidhani anakwenda kwa watoto. Alikwenda moja kwa moja hadi barabarani, mahali ambapo kizuizi cha askari kilionekana wazi, hatua arobaini tu, akasimama katikati ya njia, akapiga yowe la msiba akimwita mumewe kwa majina yake yote, la baba na la ubatizo.

Nilikuwa sijasikia kilio kama kile kwa muda mrefu. Watu waliochukuliwa kama mumewe walikuwa hawaliliwi. Ukimlilia umekiri kwamba ameuawa, na atakuuliza mtu ni nani aliyemuua. Nilikwenda nikasimama kando yake. Alilia tena, na kwenye vibanda wanawake waliinuka mmoja mmoja, wakaacha vyungu motoni, wakaja na mikono yenye unga, wakapokea kilio. Kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyechukuliwa, nadhani. Walikuwa wanalia majina ambayo sikuyajua.

Askari mmoja alitoka kwenye kizuizi, bunduki kifuani.

"Mama, nyamaza! Hapana lia hapa barabara!"

"Bwana yangu amekufa," alimjibu. "Nitalia hapa. Wewe piga kama unataka kupiga."

Yule askari alitutazama. Tulikuwa karibu hamsini sasa, na wanafunzi walikuwa wanashuka kutoka mabwenini. Alihesabu vichwa kwa macho, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, kisha akageuka kabisa, nasi tukaendelea kulia kwa sauti mpaka chakula cha vibanda vyote vya njia ile kikaungua motoni.